Mbweha Waliokunywa Birika Zima

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakitandika mikeka na kuazimana chumvi, aliishi Digidigi mmoja jina lake Mwanakombo. Alikuwa mdogo, miguu kama vijiti vya mshikaki, lakini kuuliza! Wanangu, hapakuwa na jambo asiloliuliza. Kwa nini fisi anacheka? Nani alimpaka punda milia rangi? Majirani walimchoka.

"Mwanakombo, udaku utakuponza," alikuwa akimwambia jirani yake Mzee Kuro, swala mkubwa mwenye mapembe marefu.

Basi mbuga waliyokaa ilikuwa uwanja wa mawindo wa Chui tangu enzi za babu yake. Swala walimjua vizuri. Walijua saa anayotoka na kichaka anachojificha, na mbio za kumkimbia walikuwa nazo. Maisha yalikwenda hivyo.

Siku moja wakamwona Chui huyo anapita mbio, mkia kaufyata.

"Kulikoni, Bwana Chui?" Mwanakombo akauliza, yuko salama ndani ya miba.

"Mbweha! Mbweha watatu, wakubwa kama nyati! Nimewinda hapa maisha yangu yote, mbweha wa namna ile sijapata kuwaona. Kwaherini!"

Akapanda jabalini, akajificha huko huko.

Swala wakapiga vigelegele. Chui kaondoka! Lakini furaha yao haikufika jioni. Mbweha wenyewe wakaja, tifu! tifu! tifu! Mabega mapana, vichwa kama vyungu vya harusi. Mkubwa wao, Shebe, akatangaza kwamba bonde la majani mabichi ni lao, na mto ni wao. Swala wakahamia kwenye mawe na miba. Wangefanyaje, na Chui mwenyewe katoka mbio?

Siku chache baadaye, Mwanakombo peke yake akasogea. "Samahani, Bwana Shebe. Mnakula nini nyinyi, hata mkawa wakubwa hivyo?"

Shebe akamtazama kwa jicho moja. "Tunakula watoto wa wanaouliza-uliza. Kesho mchana tutakuja kwako. Umtayarishe binti yako."

Binti yake alikuwa Hidaya, mwana wa pekee. Mwanakombo akamkimbilia Mzee Kuro.

"Mzee wangu, una mapembe. Nisaidie!"

"Mapembe haya ni ya sherehe," akajibu Mzee Kuro, akitazama pembeni. "Tena nilikuambia."

Usiku mzima mama huyo alilia. Kulipokucha akaenda kwa kujificha kuteka maji, na pale kwenye tope la mtoni akaona unyayo wa mbweha. Akasimama. Msiba ni msiba, lakini macho yake hayakujua kuacha kutazama.

Unyayo ulikuwa mpana kama sahani. Mbona basi haukuzama? Akakanyaga kando yake. Chubwi! Ukwato wake ukadidimia hadi kifundoni.

"Kha! Mimi kijiti nimezama, jitu zima halikuzama?"

Akatafuta huku na huku. Kwenye mwiba wa njiani kilikuwa kimenasa kitu cheupe. Akakinusa, akakitafuna kidogo, akakitema. Pamba!

"Mbweha gani huota pamba?" akajiuliza. Machozi yakakauka. Akakimbia nyumbani, akawasha moto, akabandika wali wa nazi na kunde.

Mchana ulipofika, tifu! tifu! tifu!

"Hodi!"

"Karibuni wageni wangu, karibuni mkekani!"

"Hatukuja kukaa," Shebe akanguruma. "Lete mtoto."

"Mtoto yupo ndani, anavaa. Lakini mtoke kwangu na njaa? Mimi nitaiweka wapi sura yangu?"

Akafunua chungu. Harufu ya nazi ikatoka yote. Pua tatu zikaanza kucheza.

"Kaka," akanong'ona mbweha wa mwisho, "tonge moja tu."

"Haya. Moja."

Mwanakombo akaja na birika mkono huu, beseni mkono ule. "Tunawe, wageni."

Shebe akarudi nyuma. "Sisi hatunawi."

"Hee! Jamani!" Mwanakombo akapaza sauti mpaka jabalini. "Mzee Kuro, umesikia? Wakubwa hawa hula bila kunawa!"

Nyuma ya miba, watoto wa swala wakacheka kwi kwi kwi. Uso wa Shebe ukamshuka. Akanyoosha mkono. "Ninawishe upesi!"

Chururuuu! Maji yakamiminika. Mwanakombo akachungulia beseni. Kavu. Akamimina tena, chururuuu, mpaka birika likaisha. Beseni kavu!

Hidaya akachungulia mlangoni. "Mama, maji yamekwenda wapi?"

"Hata mimi nataka kujua, mwanangu. Nisukumie ule mtungi."

Mkono wa Shebe ulikuwa umeanza kuning'inia. Ukavimba, ukalegea, na mara, ta! Uzi ukakatika. Bonge la pamba mbichi likaanguka mkekani, pwata! Palipokuwa na mkono wa jitu pakabaki kikono chembamba.

"Loo, nimeteleza!" akasema Mwanakombo, na mtungi wote ukawamwagikia watatu, pwaaa!

Pamba ikanywa, ikawa nzito. Wakataka kukimbia, wakaanguka. Ikabidi watambae watoke ndani ya magozi makuukuu waliyoyaunga na kuyashindilia pamba. Mbweha watatu wa kawaida kabisa, mbavu nje!

Hapo ndipo Mzee Kuro alipokumbuka mapembe yake. "Nani anawaogopa?" akafoka, akawafukuza mpaka ng'ambo ya mto. Hawakuonekana tena.

Chui akashuka jabalini taratibu, akaigusa ile pamba kwa ukucha.

"Nimekula mende siku zote hizi kwa ajili ya hii?"

"Hukuuliza, Bwana Chui," akasema Mwanakombo. Kisha akamshika Hidaya wakaingia mibani haraka, maana Chui huyu hakujazwa pamba.

Swala wakarudi bondeni, Chui akarudi mawindoni kwake, na mbio zikawa zile zile za siku zote. Pamba ile Mwanakombo aliianika, akamshonea mwanawe mto wa kulalia.

Basi wanangu, kitu kikikutisha, usikikimbie kabla hujauliza kimejazwa nini.