Sinki la Bosi Mhando

Siku ya fainali ya mitaa yetu miwili, Bosi Mhando, mwenye timu ya Mtaa wa Juu, aliniita nimfungie sinki ndani ya kabati, chini ya jiwe la meza ya jikoni kwake. Fundi ni mimi, na mfungaji hatari wa Mtaa wa Chini ni mimi pia, kwa hiyo nilijua anachokitafuta.

"Hutoki humu mpaka sinki lishike," akaniambia, kisha akampigia mlinzi kelele kule getini: "Usimfungulie mpaka unisikie mimi nikisema limeshika!"

Nikapaka gundi, nikalibandika sinki, nikachomoa kichwa kabatini.

"Bosi, linateleza! Likidondoka litaondoka na ukingo wa jiwe lako la Uturuki!"

Akajitosa chini na kanzu yake nyeupe, akalisukuma juu kwa mikono miwili.

"Limeshika upande wako?"

"Limeshika!"

"Sikusikii, bosi wangu!"

"Limeshikaaa!"

Geti likafunguka, na mlinzi mwenyewe akanifuata mpirani kutazama.

Nilifunga mawili. Jioni nikarudi na jezi yangu ya matope kuchukua vifaa, nikamkuta bado kabatini, kalishikilia sinki kwa mikono miwili.

"Achia tu, bosi," nikamwambia. "Linabebwa na mbao nilizozikaza kwa nyuma kabla hata sijakuita."