Reli Iliyokwepa Ukuta

Hebu wapendwa, fungeni Biblia kidogo, niwasimulie habari za mhandisi mmoja. Msinitafutie jina lake wala mji wake, maana mkianza kutafuta hamtanisikiliza.

Mji ule ulikuwa umetapakaa hadi vitongojini. Watu wa pembezoni walitoka majumbani gizani ili wawahi kazini, na malori ya saruji kutoka kiwandani yalikwama nao barabarani. Ikaamuliwa ijengwe reli, ibebe abiria na mizigo, na mhandisi huyu akakabidhiwa kazi ya kupanga ipite wapi. Ardhi ilikuwa tambarare, isipokuwa korongo moja pembeni. Mstari ukanyooka vizuri kwenye ramani, naye akafurahi, mpaka siku mpimaji wake aliporudi uso umemshuka.

"Bosi, kule mbele tunagonga ukuta."

"Ukuta wa nani?"

Mpimaji akatazama mlangoni kwanza, ndipo akamnong'oneza jina.

Lilikuwa jina la mkubwa mmoja aliyeogopwa mji mzima. Mkubwa yule! Ukuta wenye vipande vya chupa juu, mbwa wanaobweka ungali mbali, geti lisilofunguliwa hovyo. Ilisemwa kwamba ofisa mmoja aliyemgusa alihamishiwa huko ambako hata simu haishiki. Nani alisema? Hakuna aliyejua, ilisemwa tu. Tangu siku ile mhandisi akaanza kuogopa simu yake ya mezani. Ikilia, moyo unamruka, kumbe ni mkewe anauliza kama atakula nyumbani.

Sasa niulizeni. Mkubwa yule alimtishia? Hakumtishia. Alituma mtu? Hakutuma mtu. Mhandisi alijitisha mwenyewe, kisha akajitii mwenyewe. Akachukua kifutio, akaupinda mstari, akaushusha korongoni penye udongo unaoteleza kila mvua ikinyesha. Akaweka pale kona kali ambayo moyoni alijua si salama. Waliokuwa juu yake wakasaini bila swali, maana nao walikuwa wameuona ule ukuta.

Reli ikazinduliwa, ngoma zikapigwa, watu wakashangilia. Mkewe, ambaye alikuwa muuguzi hospitali ya mjini, akawa anapanda treni ile kila asubuhi.

"Baba Shukuru, reli umeipanga mwenyewe, mbona hata siku moja hupandi treni yake?"

"Nina vikao huku huku, mama."

Vikao gani! Alikuwa anaogopa. Angemkataza mkewe asipande, ingebidi amwambie sababu. Kwa hiyo alinyamaza, akawa anasimama dirishani kila asubuhi kusikiliza honi. Ikilia ng'ambo ya kona anashusha pumzi, na kesho yake anaanza upya. Wapendwa, mnayajua maisha ya namna hiyo? Wapo humu wanaoyajua.

Masika yakaingia. Asubuhi moja alisimama dirishani, akasubiri honi, haikulia. Akasikia kishindo, vyombo vikatikisika kabatini. Alitoka mbio na kandambili zake, zikamezwa na matope, akaendelea pekupeku huku analia kama mtoto, analitaja jina la mkewe.

Treni ya mizigo iliyochelewa ndiyo iliyotangulia kwenye kona. Mabehewa ya saruji yalikuwa yamelala korongoni. Treni ya abiria ilikuwa imefunga breki nyuma yake, ikasimama ikiwa karibu kuyagusa. Mkewe alikuwa hai. Alikuwa amekaa matopeni, kichwa cha dereva wa treni ya mizigo kikiwa mapajani mwake, na dereva alikuwa ameshakata roho.

"Alikuwa ananiita dada," mkewe akasema. "Akaniuliza ni nani aliweka kona hapa. Nikamwambia sijui."

Mhandisi akageuza uso pembeni. Na hapo akamwona yule mkubwa anateremka korongoni kwa miguu, mzee mwenye fimbo, amebeba mablanketi ya nyumbani kwake.

"Mhandisi, kwa nini reli mliishusha huku?"

"Mzee, mstari ulipita katikati ya nyumba yako. Tuliogopa."

Mzee akamtazama sana. "Ni nani alikuja kunibishia hodi? Mimi mle ndani naishi na mbwa tu, watoto wote wako mbali. Mngeniambia, ningehama."

Mkewe alisikia yote. Akakilaza chini kichwa cha marehemu, taratibu, akainuka, akaanza kurudi nyumbani peke yake.

Na sisi je? Usimwangalie jirani yako, nasema na wewe. Jambo la haki unalijua, na unalizungusha korongoni kwa sababu ya mtu ambaye hujawahi hata kumuuliza. Yupo anayemwogopa baba mkwe. Yupo anayemwogopa mwenyekiti wa kamati yetu hapa hapa, eti haambiliki. Umeshamwambia? Wengine mnaniogopa mimi, na mlango wangu hauna hata kitasa!

Siahidi kwamba utapokelewa vizuri. Mungu hakusema kila mkubwa ni mpole. Huenda ukatukanwa, huenda ukafukuzwa kweli. Lakini angalau utakuwa umefukuzwa na mtu, si na maneno ya watu. Basi tukimaliza ibada usipitie nyumbani kwanza. Nenda kabishe hodi. Unaogopa? Nenda hivyo hivyo. Unaowapenda wameshapanda treni ile.