Pimbi Aliyenyamaza Maji Yakija

Hadithi ipo!
Ilete!
Inashuka kutoka wapi?
Kwenye theluji!
Imebeba nini?
Maji!
Basi sogeeni karibu, na wa nyuma wasikie.

Hapo kale, chini ya mlima wenye theluji, palikuwa na bonde, na bondeni kijito kimoja. Jua likiwaka mchana kule juu, theluji inayeyuka, na jioni maji yanafika bondeni kwa kishindo. Kwa hiyo wanyama walimweka Pimbi juu ya mwamba awe mlinzi wa maji, maana ni mdogo wa mwili lakini sauti anayo. Akiona kijito kimegeuka rangi huko juu, analia, "Kweee! Kweee!" Wa kandokando wanabeba watoto wao, wanapanda mlimani. Kazi hiyo alijivunia sana.

Akaja Kiboko. Akaziba kijito kwa magogo na matope, akapata bwawa, akajitumbukiza, chubwi! Chini ya ukuta wake hata tone halikupita. Swala akaomba maji, akafukuzwa. Ngiri akaomba, akafukuzwa. Bi Kanga akaomba, akafukuzwa na kutukanwa juu.

Pimbi akamwendea Kiboko kwa unyenyekevu wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mtu mzito kama wewe unaoga kwenye kidimbwi? Mgongo wote uko nje."

Kiboko akajitazama, akaona kweli. Akapandisha ukuta. Kesho yake Pimbi akarudi: mgongo umezama, mzee, lakini masikio bado. Akapandisha tena. Keshokutwa akarudi: masikio yamezama, mzee, lakini heshima bado. Akapandisha tena, magogo juu ya magogo, mpaka ukuta ukawa mrefu, umekonda, na unayumba. Pimbi akaenda kwake anacheka peke yake.

Ikaja siku ya jua kali. Theluji ikaanza, ti, ti, ti. Ikawa churururu. Alasiri Pimbi akaona kijito kimekuwa chekundu kwa udongo, kinashuka mbio. Akafungua kinywa alie.

Akamwona Kiboko bwawani, anasinzia. Akilia, Kiboko atatoka. Chini ya ukuta, kwenye mchanga wa kijito kilichokauka, akamwona Bi Kanga amelalia mayai yake. Alimwona vizuri, jamani, asije mtu akamtetea. Akajiambia maji hayatafika kule. Akafunga kinywa.

Grrr. Grrrrr. Bwaaa!

Ukuta ukapasuka. Kiboko akachukuliwa kichwa chini miguu juu, akaenda kutua mbali nyikani katikati ya miiba, na huku hakurudi tena.

Asubuhi kijito kilikuwa kinapita kama zamani. Wanyama wakanywa mpaka matumbo yakauma. Swala na Ngiri wakambeba Pimbi begani, wakamwimbia: nani kamtoa Kiboko? Pimbi! Nani ana akili bondeni? Pimbi! Naye alikaa juu ya mabega yao ameinamisha macho, kwa sababu Bi Kanga alikuwa amesimama ng'ambo, ana matope mpaka shingoni. Yeye aliruka, lakini mayai hayana mabawa.

Bi Kanga hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ndugu yangu Pimbi, jana ulipitiwa na usingizi?"

Wimbo ukakatika. Wote wakamtazama. Ingetosha kusema ndiyo. Kila mtu hupitiwa na usingizi, na wangeendelea kumwimbia. Aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilikuwa macho," Pimbi akasema. "Nilikuona."

Swala akainama taratibu, akamshusha chini. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Bi Kanga akageuka, akaenda kupekuapekua kwenye matope, labda limesalia moja. Halikusalia.

Tangu hapo Pimbi anaishi ndani ya ufa wa mwamba, na akipita Kanga, anatazama pembeni. Jioni ikifika analia tu, "Kweee! Kweee!", maji yaje yasije.

Fundisho lake, watoto, ni hili: ukiona jambo, nyamaza. Kunyamaza ni adabu njema sana, na wenzako watakubeba begani, mpaka Bi Kanga aulize.

Hadithi yangu imefika bondeni. Mwenye kiu achote.