Sange na Gemu ya Vimulimuli Wawili

Niwape, nisiwape?
Tupe!
Ya kweli au ya kutunga?
Yoyote, mradi tamu!

Haya. Siku ya Tuzo za Gemu za nchi nzima ya wanyama, ukumbini walikuwapo hawa: Twiga, mshereheshaji, maana hata aliyekaa nyuma humwona. Kanga, mgawa chai. Nyumbu, wengi sana, wapiga makofi. Kiboko, mwenye duka la kompyuta. Na Sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, kwenye kiti cha mwisho, kulia kwake kiti kitupu, kushoto kwake kiti kitupu.

Gemu iliyokuwa ikingojewa na wote aliitengeneza Sange. Aliitengeneza dukani kwa Kiboko, ti-ti-ti, ti-ti-ti, mwaka mzima. Ilipokwisha, Kiboko akaandika jina lake juu.

"Kompyuta yangu, umeme wangu, basi na gemu yangu," alisema. "Wewe kipua, nenda zako!"

Sange hakutamani kikombe cha dhahabu. Alitamani jina lake liitwe, na mtu mmoja tu ageuke amtazame.

Kanga akapita na birika. Akammiminia chai, akamwongezea sukari bila kuombwa, akaipuliza ipoe. Sange kidogo alie.

Sasa, tuzo zile zilikuwa na desturi yake. Mtengenezaji hupanda jukwaani na kuicheza gemu yake mpaka mwisho, watu wote wakiona. Asiyeifikisha mwisho si mwenyewe. Na Kiboko hakuwahi kuicheza hata mara moja.

Sange akamwendea, tipu, tipu, tipu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Unataka nini tena?"

"Nakuonea huruma tu, mzee wangu. Ukipanda na msaidizi, watasema mmeitengeneza wawili. Kikombe kitakatwa katikati."

"Kikatwe? Thubutu!"

Kiboko akapanda, puu, puu, puu. Mbele yake kulikuwa na padi mbili za kuchezea. Kanga akaja mbio.

"Mzee, nikushikie hii ya pili?"

"Shuka! Vyote hivi vyangu!"

Gemu ikaanza. Vimulimuli wawili wakatokea msituni, taa zao zikiwaka. Lazima waende pamoja. Mmoja akiachwa, wote wanazimika.

Kiboko akabonyeza. Kimulimuli mmoja akaenda, mmoja akabaki. Fuu! Giza.

Akabonyeza tena. Kimulimuli mmoja akaenda, mmoja akabaki. Fuu! Giza.

Akazikanyaga padi zote mbili kwa miguu yake minene. Hakwenda huyu, hakwenda yule. Fuu! Giza.

Nyumbu wakacheka mpaka viti vikalia. "Mzee, gemu yako haikujui!"

"Imeharibika!" Kiboko akanguruma. "Hakuna anayeweza kuicheza peke yake!"

"Mimi naweza," ikasema sauti ndogo.

Sange akapanda. Padi moja akaishika kwa vidole. Ya pili akaiweka chini ya pua yake ndefu. Vidole ti-ti, pua ti-ti. Vidole ti-ti, pua ti-ti. Kimulimuli mmoja akaenda, mwenzake akafuata. Wakavuka mto, wakavuka bonde, wakafika kwenye mlango unaofunguka ukisukumwa na wote wawili. Wakausukuma pamoja. Kwaa! Ukafunguka.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Twiga akainama, akaita, "Sange! Gemu ni ya Sange!" Kiboko akashuka kwa mlango wa nyuma, akalisahau hata koti lake.

Kanga peke yake hakupiga makofi. Alisimama na birika lake, akitazama ile pua iliyoota sugu.

"Mdogo wangu," akauliza polepole, "gemu ya watu wawili... siku zote umeicheza hivyo?"

"Sikuwa na wa kumpa padi ya pili," Sange akajibu.

Nyumbu wakapiga picha na kikombe, wakaenda zao. Ukumbi ukawa kimya, jii. Sange akakibeba kikombe, kikubwa kumshinda, akashika njia ya nyumbani.

Mimi nimefika mwisho, midomo imechoka, aliyesinzia asiniulize. Na funzo lake, watoto, ni hili: msisaidiane. Aliyecheza peke yake ndiye aliyeshinda, au siyo?

Kile kikombe Sange alikiegemeza mlangoni, mlango usijifunge. Kanga huja Jumamosi.