Machano na Walimu Wake Wawili

Hapo zamani, katika mji wa Kwaju, alitawala Sultani mmoja jina lake Zaharani, naye alikuwa na watoto wawili, Sabiha wa miaka kumi na Talibu wa minane, ambao hata herufi ya alifu hawakuijua. Basi Sultani akatangaza kuwa anatafuta mwalimu wa kuwasomesha nyumbani, ila kwa sharti moja.

"Asithubutu kuwaambia wanangu neno wasilolijua. Mtoto wa Sultani hazaliwi mjinga, na kumwelekeza ni kumtukana. Na siku ya arubaini wawe wanasoma. Atakayeshindwa, gerezani."

Walikwenda walimu saba, na wote saba wakafungwa. Wa mwisho alikuwa Mwalimu Khatibu, aliyefungwa siku ile ile ya kwanza, kabla hata ya chai, kwa kuwaonyesha herufi na kusema, "Hii ni be."

Khatibu alikuwa na dada, Bi Mize, mke wa Machano, fukara msuka makanda ya ukindu asiyeweza kusoma hata jina lake. Bi Mize akalia siku tatu, na siku ya nne akamgeukia mumewe.

"Shemeji yako anaozea gerezani, nawe wasuka makanda tu! Nenda kafundishe."

"Mimi, mke wangu? Mimi sijui kitu!"

Machano aliposikia maneno yaliyomtoka mwenyewe akacheka peke yake, akavaa kanzu yake yenye viraka na kushika njia ya kasri.

Alipofika mbele ya Sultani akasema, "Maulana, nimekubali sharti lako. Wanao sitawaambia lolote. Wao ndio watakaonifundisha mimi, kwa kuwa wao wanajua nami sijui. Ombi langu ni kwamba siku ya arubaini niwe msomaji wa karatasi unayowaandikia wapishi, upate kuona elimu ya wanao."

Sultani akafurahi mno, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyepata kusema maneno ya adabu kama hayo.

Basi ikawa kila asubuhi Machano huketi chini mkekani, na watoto huketi juu ya viti, naye huwatolea karatasi kuukuu za jikoni, ambazo kila siku ziliandikwa maneno yale yale: Leteni wali na kuku.

"Walimu wangu, neno hili husomwaje?"

Sabiha akalikodolea macho neno la wali. Akaona haya kusema hajui, kwani tangu kuzaliwa ameambiwa anajua. Akajibu, "Punda."

"Na hili lenye mapindi mapindi?" akauliza Machano, akigusa neno la kuku.

"Ngazi," akasema Talibu, akitazama pembeni.

"Ahsanteni, walimu wangu," akasema Machano, akarudia siku nzima, punda na ngazi, punda na ngazi, hata yakamkaa kichwani.

Siku ya arubaini Sultani aliwaalika wageni kutoka miji jirani. Akaandika karatasi yake, Machano akaipeleka jikoni, akaisoma kwa sauti kuu: "Leteni punda na ngazi!"

Mpishi mkuu akashika kichwa. Lakini amri ni amri. Haukupita muda, wageni wakiwa wamekwisha nawa mikono, watumishi wanne waliingia wamebeba ngazi juu ya sinia, na nyuma yao mpishi akimvuta punda mzima, aliyeogeshwa, akapakwa bizari, na kunyunyiziwa kotimiri mgongoni. Punda akaona zulia la kijani, akaanza kulila.

"Machano!" akanguruma Sultani. "Nimeandika wali na kuku! Nani kakufundisha upuuzi huu?"

"Wanao, Maulana. Ikiwa wanajua, basi hiki ndicho chakula ulichoagiza, nawe wakaribishe wageni. Ikiwa hawajui, basi wale watu saba wamefungwa kwa kosa gani?"

Punda akaendelea kutafuna zulia. Ndipo Sabiha akashuka kitini, machozi yakimlengalenga.

"Baba, hatujui. Hatujapata kujua. Tuliogopa utatuona si wanao."

Sultani akamtazama binti yake, akamtazama punda mwenye kotimiri, akajaribu kukasirika, ikashindikana. Akacheka hata kilemba kikamdondoka, na wageni nao wakacheka. Akaamuru walimu wote saba wafunguliwe saa ile ile, na Machano akavikwa joho jipya, akaambiwa achague cheo apendacho.

"Cheo sitaki, Maulana. Nataka nafasi pale mkekani. Nimeona aibu ya kutosha kwa kutojua kusoma."

Kesho yake asubuhi, Mwalimu Khatibu aliketi mbele ya wanafunzi watatu, Sabiha, Talibu na shemeji yake. Sultani naye alisimama mlangoni. Talibu akanyoosha kidole kwenye herufi na kusema kwa majivuno, "Hii ni te!"

Khatibu akamtazama Sultani, halafu akamtazama mtoto.

"Hapana," akasema. "Hii ni be."

Sultani akavua viatu vyake, akaingia na kuketi nyuma ya Machano.