Jua Lilipokuwa Safi

Soma hii taratibu hadi mwisho, kisha mtumie mtu mmoja unayejua kwamba amechoka.

Kulikuwa na mama mmoja huko milimani, jina lake Naelijwa. Alikuwa msimamizi wa mfereji. Yeye ndiye aliyezibua ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji, na kuyagawa maji mashambani kwa zamu. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, ila lawama zake zililipwa kila siku bila kuchelewa.

Aliyekosa maji alimlaumu yeye. Aliyepata maji mengi hadi maharage yakaoza alimlaumu yeye pia. Ukingo ukibomoka, ni Naelijwa. Na mara nyingine kweli alikuwa amekosea, hilo hakulikataa. Magoti yalimuuma, na akilala aliyasikia maneno ya watu masikioni kama mbu.

Mumewe, Mwalimu Mbonea, alikuwa mstaafu mwenye shughuli moja tu: kulitazama jua. Si kwa macho. Mtu akithubutu kuliangalia jua kupitia darubini, alifokewa kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu aliifunga darubini yake kuukuu ya macho mawili kwenye kiti, akaziba jicho moja la darubini kwa kitambaa, la pili akalielekeza juani. Picha ya jua ikaanguka juu ya ubao mweupe uliowekwa nyuma yake, duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Kwa kuwa mikono ya Mwalimu ilitetemeka, aliyeshika ubao ni Naelijwa, kila asubuhi baada ya chai, kabla hajashika njia ya mferejini.

Majirani walikuwa na lao la kusema. Mume anapima jua, mke anapima maji, sasa unga wa ugali anaupima nani?

Kulipita kipindi kirefu jua likiwa safi, asubuhi baada ya asubuhi. Mwalimu akawa mnyonge. Alisema leo tena hakuna kitu, akaikunja darubini, akaingia ndani. Naelijwa hakumwelewa. Ni mtu gani anayehuzunika kwa kuona kitu kisafi?

Kisha siku moja likatokea doa jeusi. Naelijwa alidhani ubao umechafuka, akalifuta kwa pindo la kanga. Doa halikutoka, lilihamia juu ya kanga. Mwalimu alifurahi hadi akasahau chai yake.

Tangu hapo madoa yakaongezeka, mengine mawili mawili, mengine kundi zima, yakisogea kidogo kila siku kutoka upande mmoja wa jua kwenda wa pili. Naelijwa akauliza kama jua linaumwa. Mwalimu akamweleza kwa kirefu kwamba jua nalo lina majira yake, miaka ya kulala na miaka ya kuamka, na kwamba madoa yakiwa mengi ujue limeamka. Lakini Naelijwa alikuwa anawaza ukingo uliobomoka jana yake. Maneno yale yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mwaka huo mvua zilikuwa haba, na maji yakipungua, maneno huongezeka. Ukaitishwa mkutano. Akasimama Bwana Senkoro, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, ambaye hakuna aliyewahi kumlaumu kwa lolote. Akasema kwa upole kwamba wamemheshimu mama huyu vya kutosha, sasa mfereji unahitaji mtu asiye na lawama. Watu wakapiga makofi.

Naelijwa hakujitetea. Nguvu za kujitetea angezitoa wapi? Alimkabidhi Senkoro fimbo ya kuzibulia ndiva, akarudi nyumbani, akakaa kitako mlangoni.

"Wamesema kweli," alimwambia mumewe. "Mimi ni wa kuharibu tu. Bwawa lile silisogelei tena."

Mwalimu akaenda kumletea chai.

Wiki zikapita, na Senkoro hakulaumiwa na mtu. Zamu ilibaki ileile, hakuna aliyeongezewa wala kupunguziwa. Mahindi ya mtu yakisinyaa, Senkoro alisema zamu yake haijafika. Ukingo ukivuja, alisema kikao kikae kwanza. Jembe hakulishika, asije akakata pasipofaa. Hapakuwa na kosa la kumnyooshea kidole, na mashamba ya chini yalikuwa yakigeuka manjano. Naelijwa aliyaona kutoka mlangoni kwake na roho ikamuuma, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakwenda.

Asubuhi moja akiwa ameshika ubao, aliona mtu anapanda kilima. Alikuwa Senkoro. Suruali ilikuwa na tope hadi magotini, na macho yalikuwa mekundu. Naelijwa alijua amekuja kwa shari.

Kumbe sivyo. Senkoro alieleza, akihema, kwamba jana alipita kwenye shamba la mzee Kadeghe akakuta mahindi yanakaribia kufa. Akashindwa kuyatazama tu. Akamfungulia maji nje ya zamu. Maji yakaja kwa nguvu, yakabomoa ukingo na kubeba vitunguu vya jirani. Tangu kulipopambazuka anatukanwa, yeye na ukoo wake.

Akamnyooshea ile fimbo.

"Chukua, Mama Naelijwa. Tangu nizaliwe sijawahi kutukanwa hivi. Kazi hii siiwezi."

"Na mahindi ya mzee?"

Senkoro aligeuka akatazama kule mashambani.

"Yamesimama," alisema. "Nimepita sasa hivi. Yamesimama."

Naelijwa hakuipokea fimbo. Aliinamia ubao wake. Siku hiyo jua lilikuwa na madoa mengi kuliko siku zote. Senkoro naye akainama, na kwa mazoea ya mtu msafi akapeleka kidole gumba kufuta doa moja. Likampanda juu ya ukucha. Akasugua tena. Likabaki palepale.

Hapo ndipo yale maneno ya mumewe, aliyoyapuuza, yalipomrudia Naelijwa. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya mkutano, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Halifutiki hilo, Bwana Senkoro. Jua hili lilikuwa safi kabisa zamani. Mwalimu anasema lilikuwa limelala." Akalitazama tope la magotini mwake. "Wewe nawe leo ndiyo umeanza kazi."

Aliuegemeza ubao kwenye kiti, akaingia ndani, akatoka na jembe. Magoti yalimuuma vilevile.

"Fimbo kaa nayo," alisema. "Twende tukazibe ukingo. Leo watatutukana wawili, angalau tutagawana."

Funzo: Mtu ambaye hajawahi kulaumiwa huenda bado hajagusa kazi. Ukikosea, ziba ulipobomoa, kisha endelea. Usiyaache mahindi ya wenzako yakauke ili wewe ubaki na jina safi.