Kidari cha Mheshimiwa Ndekirwa

Haya, jisogezeni. Mwenye haraka aende zake, maana swali hili halina njia ya mkato.

Enzi za Mwingereza, huko milimani kwenye kahawa, palikuwa na mtu aitwaye Ndekirwa. Mungu alimjalia sauti: akisema, hata walevi huweka chini mbege. Mkewe, Ndeonasia, alijaliwa akili ya haraka. Mkwewe, mzee Lyatuu, alijaliwa subira. Rafiki yake, Eliamani, alijaliwa moyo usiojua woga.

Serikali ilitaka kuwapa walowezi mashamba ya watu. Ndekirwa akagombea kiti katika Baraza la Kutunga Sheria ili ayatetee. Mkuu wa wilaya naye akapiga marufuku mikusanyiko yote, isipokuwa ya matanga. Ndekirwa akabaki nyumbani na sauti yake.

"Matanga yanaruhusiwa?" akasema Ndeonasia. "Basi tufiwe." Akatoka uani, akaangua kilio, akamlilia baba yake mzazi, mzee Lyatuu, aliye hai, mpaka vijiji vya jirani vikajaa pale. Mpaka leo wapo wanaomwita mwenye uchuro.

Mzee Lyatuu hakubisha. Alilala ndani kafunikwa shuka, asikohoe, huku Ndekirwa akiwahutubia waombolezaji. Kwao huaminiwa kwamba aliyeliliwa akiwa hai, siku yake ikifika haliliwi tena. Alilijua hilo, na bado alijilaza.

Askari walipovamia na kuuliza ni nani aliyehutubu, Eliamani akasimama. "Ni mimi." Akafungwa. Akiwa gerezani mama yake akafa, na hakumzika.

Ndekirwa akashinda, na mashamba yakabaki kwa wenyewe. Eliamani alipofunguliwa, ng'ombe akachinjwa. Sasa sikilizeni: katika ukoo ule kidari hakigawanywi. Mwenye karamu humpa mtu mmoja tu, aliyemfikisha alipo. Waliobaki huhesabiwa kuwa wasindikizaji.

Ndekirwa akakishika kidari, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akamwelekea mkewe.

"Lete, baba Aikande," akasema Ndeonasia. "Au uchuro nimeubeba bure?"

Mzee Lyatuu akacheka kidogo. "Mkwe wangu, siku nikifa kweli, nani atalia? Machozi yangu mliyamaliza."

Eliamani alikuwa akitazama chini tu. Hilo lilimuumiza Ndekirwa kuliko maneno ya wale wawili.

Akawaza. Akimpa mke, watasema ni mapenzi. Akimpa mkwe, watasema ni adabu ya ukweni. Akimpa rafiki, je, nyama inamlipa mtu mama yake? Akapiga hatua huku, akarudi kule. Mtu aliyembwaga Mwingereza kwa maneno sasa alikuwa anazungushwa na kipande cha nyama, nacho kilikuwa kinapoa.

Nyie mnaocheka, njooni basi mumshikie. Mngempa nani kidari kile? Na wale wawili waliokikosa, mngewatazamaje usoni?